Sababu za Mzazi si Kipimo cha Mtoto



Katika zama hizi habari husafiri upesi kuliko busara ya kuzipima. Miongoni mwa habari hizo ni ile isemayo kwamba wako wazazi, hasa nchini Marekani, waliowatoa watoto wao shuleni wakawasomesha nyumbani wao wenyewe, na kwamba wataalamu wamewachunguza watoto hao wakaona wanawapita wenzao. Habari hii haina kizuizi cha kuifikia Kanoni yetu, huku Karagwe. Mzazi aliyechoshwa na darasa lililojaa watoto mbele ya mwalimu mmoja, au anayehofia tabia atakazorudi nazo mwanawe kutoka shuleni, huisikia kwa hamu. Kwa hiyo ni wajibu wetu tuutazame uchunguzi wenyewe: ulimwuliza nani, uliuliza nini, na unathibitisha lipi.

Tuanze na uchunguzi ulio bora. Idara ya takwimu za elimu ya Marekani imekuwa ikiziuliza nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, bila ya kutazama kama mwenye nyumba anapenda shule au haipendi. Kwa njia hiyo ilikisia kuwa mwaka 1999 watoto 850,000 walikuwa wakisomeshwa nyumbani, na mwaka 2016 wamefika kiasi cha milioni 1.7, yaani kama 3 kwa mia ya wanafunzi wote. Katika kuhesabu watu, kazi hii inastahili sifa.

Lakini inapofika katika kueleza kwa nini wazazi hufanya hivyo, hapo pana haja ya kusoma kwa macho mawili. Mwaka 1999 mzazi aliachwa aseme sababu zake kwa maneno yake mwenyewe. Karibu nusu walisema kuwa nyumbani wanaweza kumpa mtoto elimu bora zaidi. Mwaka 2003 mambo yaligeuzwa: mzazi alisomewa orodha ya sababu zilizokwisha kuandikwa, naye akajibu ndiyo au siyo. Mara wale waliotaja wasiwasi juu ya mazingira ya shule wakawa 85 kwa mia. Je, katika miaka minne wazazi walibadilika nyoyo kiasi hicho? Hapana. Kilichobadilika sana ni swali. Mtu akiulizwa, "Huogopi kadhaa wa kadhaa?" aghalabu atajibu kuwa anaogopa.

Tazama tena mfano mwingine. Mwaka 2007, wazazi 36 kwa mia walisema sababu yao kubwa ni kumpa mtoto mafunzo ya dini au ya tabia njema. Mwaka 2016 waliotaja dini walikuwa 16 kwa mia, na waliotaja tabia njema 5 kwa mia. Mwenye haraka atapiga mbiu kwamba dini imeanguka katika nyumba hizo. Lakini kuanzia mwaka 2012 swali lile moja lilikatwa vipande viwili, dini huku na tabia kule, na njia ya kuuliza ikahamishwa kutoka simu hadi barua za posta. Mzazi ambaye kwake dini na tabia ni kitu kimoja alilazimishwa kuchagua kimoja aache kingine. Huenda pamekuwa na upungufu wa kweli, maana hata ukijumlisha 16 na 5 hupati 36. Hata hivyo, vipimo viwili visivyolingana haviwezi kutoa hukumu moja.

Ama kuhusu ile sifa kubwa ya kufaulu, chanzo chake kimoja kinachotajwa mno ni kazi ya Lawrence Rudner ya mwaka 1999. Aliwatazama wanafunzi 20,760 wa nyumbani, akakuta alama zao zi juu sana kuliko za wastani wa nchi. Lakini walikuwa akina nani hao? Ni watoto wa wazazi ambao wenyewe waliomba mitihani kwa idara ya mitihani ya Bob Jones University, nacho ni chuo cha Kikristo. Mzazi ambaye mwanawe hajui kusoma, au aliyekata tamaa njiani, hakuwamo katika hesabu hiyo. Insafu yatutaka tuseme kuwa Rudner mwenyewe alionya kwamba kazi yake haikuwa mizani ya kupimia nyumba dhidi ya shule. Waliolisahau onyo lake ni waliozinukuu tarakimu zake. Vivyo hivyo kazi za Brian Ray, ambaye ndiye aliyeianzisha taasisi inayotetea na kuchunguza elimu ya nyumbani, hutegemea sana watu waliojitolea kujibu. Wahenga wetu walikwisha sema: mwamba ngoma huvutia kwake.

Uchunguzi mdogo ulionipendeza zaidi ulifanyika Kanada, ukatolewa mwaka 2011 na Sandra Martin-Chang na wenzake. Hawakuridhika na maneno ya wazazi, bali waliwapima watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule. Waliosomeshwa nyumbani kwa mpango na masomo yaliyopangwa waliwazidi wenzao wa shule. Lakini wale 12 ambao wazazi wao hawakufuata mpango wowote walikuwa chini ya wote. Idadi hii ni ndogo, haifai kujengewa sheria. Pamoja na hayo inatufunza jambo ambalo orodha ndefu za sababu hazikutufunza: kwamba nia njema ya mzazi haimsomeshi mtoto. Kinachomsomesha ni kazi ifanyikayo kila siku.

Sasa tujiulize, kazi hiyo hufanywa na nani? Uchunguzi mwingi unakiri kuwa hufanywa na mama. Mwaka 2003 katika Marekani, watoto 54 kwa mia ya wale wa nyumbani waliishi na wazazi wawili ambao mmoja wao tu ndiye aliyekuwa katika soko la kazi. Kwa watoto wa shule walikuwa 20 kwa mia. Maana yake, nyuma ya alama zile nzuri mna mshahara wa mtu mmoja unaotosha nyumba nzima, na mna mtu mzima wa pili aliye na saa za kutosha. Mama wa Kanoni yu shambani kwenye migomba na maharage, kisha kuni, maji na jiko vinamsubiri. Tena watoto wetu wengi huzungumza Kinyambo nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na wakifika sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Ni nyumba ngapi kwetu zinaweza kuzibeba ngazi hizo tatu peke yake?

Iko pia sheria. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 iliweka wajibu wa kumwandikisha shule mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafika 13. Kwa majirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliufanya uandikishaji kuwa lazima, na mwaka 2019 mzazi aliyewasomesha watoto wake nyumbani huko Kakamega alikamatwa, shauri likafika Mahakama Kuu. Wako watakaoona ukali katika sheria hizi. Lakini usisahau, msomaji, zinamlinda nani. Kumsomesha mtoto nyumbani na kumweka mtoto nyumbani si kitu kimoja. Binti anayezuiliwa ili alee wadogo zake, au kijana anayeachishwa shule msimu wa kahawa ili achume na kuanika, naye yu nyumbani na mzazi wake ana sababu. Akipewa orodha ya maswali, ataweka alama penye "malezi mema" kama wengine, na karatasi haitamkanusha.

Wala nisifahamike kuwa naitetea shule kwa kila hali. Tangu mwaka 2010 mpango wa Uwezo ulipeleka watu nyumba kwa nyumba katika Tanzania, Kenya na Uganda. Hawakuuliza mtoto kaandikishwa wapi wakaishia hapo, bali walimpa hadithi fupi asome na hesabu afanye. Katika Tanzania, matokeo ya mwanzo yalionyesha kuwa ni kama wanafunzi 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Hiyo ni aibu ya wote, serikali na wazazi. Na hiyo ndiyo namna ya uchunguzi ninayoitaka: mtafiti aketi mkekani na mtoto, amsikilize mwenyewe.

Mtafiti wa namna hiyo akija Kanoni atakuta kuwa kila nyumba ni shule tayari. Mtoto hujifunza kwa wazee ndizi ipi ni ya kupika na ipi ya kuchoma, kahawa iliyoiva na isiyoiva, amkio la mkubwa, na kwa wengine herufi za Kurani jioni. Elimu hii haipingani na ya darasani, wala haina haja ya kuiua ndipo iishi. Kosa la wachunguzi wengi ni kuuliza "nyumba au shule?" kana kwamba mtoto ana mlango mmoja tu wa kupitia.

Basi, ndugu mzazi, usimtoe mtoto shuleni kwa sababu ya alama za watoto wa watu waliojichagua wenyewe. Wala usimwachie mwalimu kila kitu kwa kuwa mwaka 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne. Usiku wa leo mwite mwanao, mpe kitabu chake, akusomee ukurasa mmoja. Kama wewe hujui kusoma, mwombe akueleze alichosoma. Utajua mengi kuliko yaliyomo katika tarakimu zote hizi, na utajua ni deni gani unadaiwa na amana uliyokabidhiwa.