Kiswahili cha Mulongo na Utafiti wa Simu

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipofunga vyuo vikuu na kupiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 20 mnamo Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mwanafunzi wa uzamili au uzamifu aliyechunguza Kiswahili cha Katanga alibakiwa na njia mbili: kuahirisha kazi, au kuwasaili watu kwa simu. Njia ya pili husifiwa kuwa ni ubunifu. Sifa hiyo yafaa ipunguzwe.

Mfano wa Mulongo unatosha. Mji huo uko kando ya mto Lualaba, katika Haut-Lomami, mkoa uliotengwa na Katanga mwaka 2015. Lugha ya nyumbani ni Kiluba. Kiswahili ni cha biashara, safari na wageni. Huishi sokoni, gatini na matangani. Simu haifiki huko. Humfikia mwenye chombo, mwenye umeme wa kukichaji, na aghalabu mwenye shule. Naye, akijua kwamba msaili ni mtu wa chuo kikuu, huchuja usemi wake. Yule ambaye sokoni angesema "bantu", na kutanguliza "njo" kusisitiza jambo, kwenye simu hutamka "watu", au hukimbilia Kifaransa. Mtafiti hunasa adabu, kisha akaiita lahaja.

Huenda ikaulizwa: Johannes Fabian naye hakutegemea kanda? Alitegemea. Lakini mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu huko Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, yaliyotolewa kitabuni mwaka 1996, yalikuwa ya ana kwa ana, picha zikiwa mbele yao. Msomaji anajua nani alisema, na alikuwa akitazama nini.

Hakuna wa kulaumiwa kwa kupiga simu. Lawama inaiangukia ile sentensi moja ya sura ya mbinu itajayo janga kama udhuru, ikifuatwa na sura nzima nzima juu ya "Kiswahili cha Katanga" kana kwamba hapakutokea kitu. Tasnifu hiyo ingestahili jina dogo zaidi: Kiswahili cha wenye simu, mwaka 2020. Wala mada hiyo si haba. Jinsi watu walivyopeana pole kwa simu kwa misiba wasiyoweza kuihudhuria, wakichanganya Kiluba, Kiswahili na Kifaransa, ni usemi wa wakati wake, na mwenye kanda za namna hiyo ana hazina, mradi aandike nani alipiga, nani alipokea, na nani mwingine alikuwa kando akisikiliza.