Viporo vya Michezo ya Video na Kiswahili Kilichomo

Wasomaji wetu waliosoma Tanzania hawahitaji kufafanuliwa neno kiporo. Ni chakula kilicholala, kinacholiwa asubuhi kwa chai, ambacho hapa Kampala tunakiita amawolu. Wapenzi wa kandanda wamelitwaa neno hilo kwa mechi zilizoahirishwa, na maofisini utamsikia mtu akilalamika kuwa ana viporo vya kazi. Mimi nina viporo vya michezo ya video. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua michezo ya kompyuta wakati wa punguzo la bei na kuiweka akiba kwa ahadi kwamba nitaicheza likizo ikifika. Likizo hufika na mafungu ya karatasi za mitihani. Desemba iliyopita nilihesabu nikakuta michezo 31 ambayo sikuwahi kuifungua hata mara moja.

Mwenye sufuria nyingi za viporo hana budi kuchagua aanze na ipi. Niliamua kuanza na michezo ambayo ndani yake mna Kiswahili, kwa namna yoyote ile. Nilitarajia mmoja au miwili, nikapata minne. Makala haya yanaieleza minne hiyo, kwa kuwa nadhani inatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha hii kuliko tunavyodhani.

Wa kwanza ni Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Wengi wetu tunaufahamu bila kujua kuwa tunaufahamu, kwani ndio uliotoa wimbo wa Baba Yetu. Mtunzi wake, Christopher Tin wa Marekani, alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili akaitilia muziki wa kwaya. Baadaye wimbo ulirekodiwa upya, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kufikia hapo. Ni wimbo mzuri, sibishi. Mwalimu wa sarufi atatikisa kichwa mahali ambapo neno lenye kiambishi -ni cha mahali limefuatwa na kimilikishi kisichokubaliana nalo, lakini kwaya zina ruhusa zake. Kilichonishangaza ni kingine. Wimbo unasikika wakati mchezo unafunguka, kabla hujaanza kucheza. Ukishaingia ndani unakutana na Mali na Misri, na katika nyongeza za baadaye Wazulu na Wahabeshi. Waswahili, waliojenga Kilwa, Lamu na Mombasa, hawamo katika orodha ya mataifa unayoweza kuyaongoza. Lugha yao imewekwa mlangoni kukaribisha wageni.

Wa pili ni Halo 3: ODST wa mwaka 2009. Hadithi yake inatukia mwaka 2552 katika mji uitwao New Mombasa, wenye lifti ya kupandia anga za juu. Unamwongoza askari mmoja anayetembea peke yake usiku, mvua ikinyesha, katika mitaa iliyoachwa na watu baada ya kushambuliwa na viumbe kutoka sayari nyingine. Kuna Tayari Plaza, kuna barabara ya Kizingo, kuna kituo cha Kikowani. Anayeijua Mombasa ya leo atatabasamu, maana Kizingo na Kikowani zipo kweli. Kuna pia mwanasayansi aitwaye Daktari Endesha, anayehusika na mashine yenye akili inayoendesha shughuli za mji. Sijui kama waandishi walifanya mzaha au walifungua kamusi tu, lakini nimeshalitumia jina hilo darasani kufundishia kauli ya kutendesha, na wanafunzi hawakulisahau. Zaidi ya majina hayo, kila nilichosikia kilikuwa Kiingereza. Wakazi wamekimbia, na hata kabla ya kukimbia sidhani kama waliongea lugha iliyoandikwa kwenye kuta zao.

Wa tatu ndio ulioniletea matatizo nyumbani.

Resident Evil 5 ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, ukatoka mwaka huohuo wa 2009. Mmarekani mmoja, Chris Redfield, anafika katika nchi ya kubuni ya Kijuju, Afrika ya Magharibi, ambako watu wamepandikizwa vimelea na kugeuka kuwa wauaji. Picha zake za matangazo za mwaka 2007 zilizua mjadala mkubwa kuhusu ubaguzi wa rangi, na mjadala huo umeandikwa vya kutosha. Lililozungumzwa kidogo ni lugha. Wauaji hao wanaitwa Majini, nao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Lugha ya pwani ya mashariki imepelekwa magharibi bila nauli. Umoja na wingi pia vimechanganywa, kwani humo ndani kiumbe mmoja ni Majini na mia moja ni Majini. Nilikuwa nikicheka peke yangu, pedi mkononi, kalamu nyekundu ya mwalimu kichwani.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Masaka kwa matibabu, akalala chumba cha pili. Sauti ilipita ukutani. Alitoka akiwa amejifunga shuka, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa Luganda kwa nini nimewaleta wanajeshi ndani ya nyumba.

Kwa wasomaji wasio Waganda inafaa nieleze. Mama hajui Kiswahili. Maneno anayoyajua hayazidi kumi, karibu yote ni amri: kaa chini, toka, lete. Aliyasikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini jeshi lilikuwa likikitumia tangu zama za Mwingereza, na kwa watu wengi wa kizazi cha mama lugha hii ina sare na bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kuifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mabadiliko hayo yamefika shuleni na katika idara yetu. Hayajafika katika chumba cha pili.

Nilimwomba radhi nikazima kompyuta. Sikuirudia sehemu ile kwa siku nyingi, na hamu ya kucheka iliniisha. Watengenezaji wa Osaka hawakujua lolote kuhusu vizuizi vya barabara ya Masaka. Walitaka sauti ya Kiafrika ambayo mchezaji wa Tokyo au Chicago hataielewa, ili aogope. Kutoeleweka ndiko kulikotakiwa. Mchezaji anayeelewa anaharibu kazi yao, kwa sababu adui anayesema sentensi yenye kitenzi na shamirisho anaanza kuwa mtu.

Hapo ndipo nilipourudia wimbo wa Baba Yetu kwa sikio jingine, na nakiri kwamba hoja yangu haitawapendeza wenzangu wote. Kwaya ile na kelele zile zinatofautiana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja. Zote mbili hazimtarajii msikilizaji aelewe. Katika mmoja Kiswahili ni utukufu, katika mwingine ni kitisho, na katika yote miwili ni mlio. Sisi walimu tuna mazoea ya kuhesabu kila mahali Kiswahili kinaposikika duniani kuwa ni ushindi. Katika sherehe za tarehe 7 Julai tunaupiga wimbo ule kwa vipaza sauti, nami nimekuwa mmoja wa wapigaji. Lakini swali la kuiuliza kazi yoyote, iwe filamu, tangazo au mchezo, ni hili: je, kuna jambo linalopotea kwa asiyejua Kiswahili? Kama hakuna, basi lugha imetumika kama ngoma.

(Tangazo dogo pembeni kwa wapenzi wa Buganda. Civilization VII wa mwaka 2025 umeiweka Buganda kati ya mataifa yake, na miongoni mwa maajabu unayoweza kuyajenga ni Muzibu Azaala Mpanga, jumba la makaburi ya Kasubi lililoungua Machi 2010. Kwa kuwa viongozi wa mchezo huo hawafungwi na mataifa yao, Buganda yaweza kutawaliwa na Benjamin Franklin. Huo sikuuhesabu kwenye viporo vya Kiswahili, ila niliufungua jioni moja kwa udadisi, umeme ukakatika kabla sijafika popote.)

Wa nne ni Tales of Kenzera: Zau, uliotoka Aprili 2024. Uliongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, baada ya kufiwa na baba yake. Kijana aitwaye Zuberi, mfiwa, anasoma kitabu alichoachiwa na baba yake. Ndani ya kitabu kuna Zau, mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea roho kubwa tatu, naye arudishiwe baba. Mchezaji anaweza kuchagua kusikiliza mchezo wote kwa Kiswahili.

Zipo kasoro. Hadithi inachota huku na kule: Kalunga wa Wakongo, Impundulu wa Waxhosa na Wazulu, vyote katika chungu kimoja kinachoitwa cha Kibantu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi asiutumie kama chanzo. Mapigano nayo yanajirudia, na kuna maporomoko ambayo nilianguka mara nyingi hata nikashuku umri wangu. Lakini Kiswahili chake kina kazi. Zau anabishana na Kalunga, anakasirika, anakaa chini ya mbuyu akisema yale ambayo mfiwa huwa hayasemi mbele ya watu. Asiyeelewa maneno hayo amekosa kiini cha mchezo, hata akiwashinda maadui wote. Mbuyu kuwa mahali pa kuongea na mauti hakuhitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Kwa mara ya kwanza katika viporo vyangu niliona lugha hii ikipewa huzuni ya mtu mmoja, yenye sababu na jina. Bahati mbaya, miezi michache baada ya mchezo kutoka, studio hiyo ilitangaza kupunguza wafanyakazi.

Nilicheza kwa sauti ya chini kwa sababu ya mama. Hata hivyo siku ya pili alikuja tena mlangoni, safari hii na kikombe cha chai. Alikaa. Baada ya muda akauliza nani amekufa. Kufa ni kufa kwa Kiswahili na kwa Luganda, na baba alilijua. Nilimtafsiria kidogo kidogo, Zau alivyosema, Kalunga alivyojibu, naye akawa upande wa Kalunga moja kwa moja: wafu, alisema, hawaombwi warudi.

Alirejea Masaka kabla sijaufikia mwisho, na muhula ukaanza. Viporo sasa ni 28, kwa sababu Resident Evil nimeuacha na Zau haujaisha. Juzi mama alinipigia simu kuhusu mahindi ya shambani, na kabla ya kukata akauliza kama yule kijana alimpata baba yake. Nilimjibu kwamba nimekwama kwenye maporomoko.