Kikapu Hukaguliwa Ndani

Masika yanapoelekea ukingoni, katika siku za mwisho za Mei, wakati mvua za wilaya ya Isingiro, nchini Uganda, hupungua siku baada ya siku na jua la asubuhi likaanza kuwa na nguvu ya kukausha kitu kabla ya adhuhuri, kazi za mikono hurejea uani katika kaya za makazi ya Nakivale. Maharage ama yamekwisha kung'olewa ama yanangoja kukauka shambani, na mama mwenye nyumba, ambaye tangu Machi jembe halikumtoka mkononi, hupata saa mbili tatu za alasiri za kuketi mkekani na sindano yake, watoto wakimzunguka. Huu ndio msimu wa kikapu. Nakusudia kueleza hapa jinsi mnunuzi, au familia inayoletewa zawadi ya harusi, au binti anayejifunza, anavyoweza kukijua kikapu chema na kukibagua na kilicho duni. Kwani vinavyofika mjini Mbarara ni vingi, vyote vina rangi za kupendeza, na rangi ndiyo hadaa ya kwanza.

Makazi hayo, yaliyo kusini-mashariki ya Mbarara kando ya ziwa lenye jina hilohilo, yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo yamekuwa kimbilio la Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na wengineo, ambao kila kaumu ilifika na ustadi wake hata pale ilipofika bila mzigo. Wanyarwanda na Warundi walikuja na agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho Rwanda ilikitia katika nembo yake ya taifa mwaka 2001. Nao wenyeji wao wa Ankole walikuwa tayari na endiiro, ambamo ugali wa ulezi huletwa mbele ya wageni ukingali moto. Vikapu hivyo viwili ni ndugu. Mkono uliozoea kimoja haukawii kukijua cha pili, na katika uwanja mmoja wa Nakivale utaweza kuviona vyote viwili vikishonwa kwa sindano za namna moja.

Maumbo ni mengi, lakini ushonaji wake ni mmoja. Fundi hushika fungu dogo la nyasi kavu, akalivika uzi wa katani au wa ukindu, akalikunja na kulizungusha kama kamba ya chombo inavyopangwa sitahani, kila mzunguko ukishonewa kwenye mzunguko uliotangulia, mpaka kitako kitimie. Hapo huupandisha mzunguko juu ya mwenzake badala ya kuulaza kando yake, na ukuta ukaanza kuinuka. Basi kikapu kina dhahiri yake, ambayo ni uzi, na kina batini yake, ambayo ni nyasi, na mnunuzi haoni ila uzi. Rai yangu ni kwamba ubora wa kikapu umo katika kile kisichoonekana, na kwamba kazi yote ya mkaguzi ni kuilazimisha batini itoe ushahidi.

Na tuanze na nyasi, maana hapo ndipo msimu unapoingia katika kikapu. Nyasi iliyokatwa katikati ya masika, ikingali kijani na imejaa maji, ni nene na laini, inapindika bila kuvunjika, na fundi mwenye haraka huipenda kwa kuwa hujaza mzunguko upesi. Lakini maji yale hayana budi kutoka, na yakitoka nyasi hunywea ndani ya vazi lake, ilhali uzi hubaki na kipimo kilekile, na kikapu kilichokuwa kigumu mwezi wa Aprili kikawa kimelegea mwezi wa Julai. Fundi mwenye subira hungoja. Huikata nyasi iliyokomaa, akaianika katika jua lililotulia, akaigeuza, akaihifadhi juu ya jiko ambako moshi huiepusha na wadudu, kisha ndipo akaanza kushona, akiulowesha uzi kidogo ili uwe mwororo, wala asiiguse nyasi kwa maji.

Ithibati ya haya imo katika kidole gumba. Kishike kikapu kwa mikono miwili, weka ncha ya kidole juu ya mishono, uisukume kwa nguvu ya wastani kufuata njia ya mzunguko. Mishono ikikaa palepale, nyasi ilikuwa kavu na uzi ulivutwa sawasawa. Ikitambaa, ijapokuwa kwa upana wa punje ya mtama, na nyuma yake ikaacha mwanya ambamo nyasi inachungulia, basi kikapu hicho kilishonwa na maji ndani yake, na hakuna urembo wa nje utakaokiponya. Lirudie jaribio hilo karibu na kitako, halafu katikati, halafu chini ya ukingo, kwa sababu fundi aliyeanza na nyasi kavu pengine ilimwishia njiani, akamalizia na mbichi. Kisha kibinye mbavuni na ukisikilize: kikavu hutoa mkwaruzo mfupi na kurejea umbo lake mara moja, chenye unyevu hukaa kimya na kurejea polepole.

Baada ya nyasi ni kitovu, yaani pale katikati ya kitako ulipoanzia mzunguko wa kwanza. Hapa ndipo penye ugumu kuliko mahali pote, kwa kuwa nyasi inatakiwa ijikunje katika duara dogo kabisa, na nyasi kavu haipendi kukunjwa hivyo. Kwa sababu hiyo fundi stadi huanza na vijiti vichache mno vya nyasi, akaongeza kimoja kimoja kila baada ya mishono kadhaa hata unene ukatimia, na uongezaji huo usionekane. Kiinue kikapu kuelekea jua na uchungulie kutoka ndani. Ukiona nukta ya nuru katikati, duara la kwanza halikufungwa. Na kwa kuwa punje za ulezi ni ndogo sana, nukta hiyo ni mlango wa chakula kumwagika. Usipoona nuru bali ukahisi kinundu chini ya kidole, fundi alianza na fungu nene ili ajiepushie taabu, na kikapu chake ukikiweka juu ya meza kitacheza. Ningekuwa na nafasi ya kukagua mahali pamoja tu pa kikapu, ningekagua kitovu.

Sasa ingiza mkono ndani, uzungushe vidole ukutani taratibu kutoka chini hadi juu. Uzi wa katani haufiki mbali. Huisha, na kila unapoisha sharti uunganishwe na mwingine, na katika kikapu kimoja maungio ni mengi sana. Mwenye ustadi huulaza mkia wa uzi unaokwisha pamoja na nyasi, akaulaza na mwanzo wa uzi mpya, akavifunika vyote viwili kwa mishono inayofuata, hivi kwamba huwezi kuonesha ni wapi mmoja ulikoma na mwingine ukaanza. Asiye na ustadi hufunga fundo kwa ndani na kuupunguza mkia kwa wembe. Fundo hilo husuguliwa kila siku na mkono unaochota, hulowa kwa mvuke wa ugali, na siku moja hukatika, na mshono mmoja ukikatika jirani zake hulegea. Kikapu kilichoshonwa kwa ajili ya jikoni pa mshonaji mwenyewe huwa kisafi ndani sawa na nje, kwani yeye ndiye atakayetia mkono humo. Na hii ndiyo sababu ninavipenda zaidi vikapu vya familia, hata vikiwa na rangi chache, kuliko vile vilivyokusudiwa kutundikwa ukutani.

Kuhusu uzi wenyewe nitasema kwa ufupi. Katani njema ilikwanguliwa katika jani lililokomaa, ikaoshwa papo hapo kabla utomvu wa kijani haujaitia doa, ikakaushwa juani hata ikawa nyeupe inayoelekea umanjano. Yenye madoa ya kijivu ilinyeshewa au ilikunjwa mbichi, na harufu yake itakuambia hivyo kabla ya macho. Rangi ipimwe kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa: sugua mara tatu, na kitambaa kikichukua rangi, uzi haukuchemshwa vya kutosha, na donge la ugali litachukua rangi hiyohiyo. Siku hizi wapo wengi wanaofumua viroba vya chakula na kutumia nyuzi zake za plastiki. Wapo watu wanaozidharau. Mimi sizidharau, kwa sababu hazinyonyi maji na hufaa sana kwa kikapu cha kuoshea mboga, lakini zinateleza, na kwa hiyo zinataka mshono wa karibu zaidi na mvuto mkali zaidi, na fundi anayezishona kwa mwendo wa katani hutoa kazi inayofunguka yenyewe.

Nakshi ni hesabu kabla ya kuwa uzuri. Mapambo ya pembe pembe yanayozunguka agaseke ni sharti yarudi mahali yalipoanzia bila kubanwa wala kunyooshwa, na hilo haliwezekani ila fundi awe ameugawanya mzunguko kichwani mwake tangu mshono wa kwanza wa rangi, tena akijua kwamba duara litapanuka kadiri ukuta unavyoinuka. Wauzaji hulijua jambo hili, na aghalabu hukigeuza kikapu ili upande wenye maungano ya nakshi uelekee ukutani. Kizungushe basi pole pole mpaka upaone mahali hapo. Pembe ya mwisho ikiwa nyembamba kuliko dada zake, hesabu ilimkataa fundi. Ikilingana nazo, umeshika kazi ya mtu mwenye akili iliyotulia.

Kifuniko nacho kina sheria yake. Kitue kwa uzito wake, bila kusukumwa, kisha ukikizungusha robo duara kibaki kimekaa vilevile. Kinachokaa upande mmoja tu kilipimwa mara moja, ilhali fundi makini hukijaribu kila baada ya mzunguko mmoja au miwili. Ncha yake iwe imefungwa kwa mishono inayopungua pole pole, wala isiwe na kishungi cha uzi kilichofungwa ili kuficha tundu.

Katika nyumba moja huko Nakivale niliona jinsi elimu hii inavyorithishwa. Binti wa miaka kumi hivi alikuwa amemaliza mizunguko sita ya kitako na kumpa mama yake akague. Mama hakukitazama, aliendelea kumwangalia mtoto, huku kidole gumba kikipita juu ya mishono, na kilipofika mzunguko wa nne kikasimama.

"Hapa ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza.

"Na dada, mama."

"Fumua mpaka hapa, mwanangu."

"Yote mama? Si imeshika?"

"Imeshika leo."

Mtoto akafumua, na nyasi ileile ikatumika tena, kwa kuwa iliyo kavu haiharibiki kwa kufumuliwa. Kikapu cha mwanafunzi hakihukumiwi kwa unyoofu wa umbo wala kwa nakshi, ambazo huja na miaka. Hukaguliwa kwa jambo moja, nalo ni kama mvuto wa uzi ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Mwenye mvuto sawa atakuwa fundi. Ukikuta sokoni kikapu kidogo kilichopinda kidogo lakini mishono yake haitambai, kinunue, wala usikiombee punguzo.

Mbarara mambo hubadilika, kwa sababu dukani kikapu hupambwa upya: vinyweleo vya katani hukatwa kwa mkasi au kuunguzwa kwa moto mdogo, wengine hupaka vanishi, na vanishi hugandisha mishono iliyolegea hata kidole gumba kisiweze kuisogeza. Kwa hiyo kinachong'aa kikague kwa ndani peke yake, ambako vanishi haifiki vizuri. Na mtu anayetaka kulizoesha jicho lake kabla ya kutoa fedha hatapoteza wakati akienda Biharwe, kwenye njia ya Masaka, katika kituo cha utamaduni cha Igongo, ambako jumba lake la makumbusho limehifadhi vyombo vya Ankole. Kaa mbele ya vyombo vya maziwa, vile vya mti, na uvitazame vifuniko vyake vya kusukwa vilivyochongoka: vilikusudiwa kuzuia vumbi na nzi visiingie katika maziwa ya familia, na wembamba wa mishono yake utakufanya uvitazame kwa macho mengine vyote utakavyooneshwa mjini.

Ukikinunua kikapu mwishoni mwa masika, usitoe hukumu ya mwisho siku hiyo. Usikifungie katika mfuko wa plastiki, maana unyevu uliobaki utageuka ukungu. Kiweke panapopita hewa, kivulini, kikiwa kimepinduliwa, na usikitie chakula chochote kwa wiki chache za mwanzo. Ifikapo Julai, kiangazi kikiwa kimekolea, kichukue tena, upitishe kidole gumba palepale ulipopitisha siku ya kununua. Mishono isipotambaa, kitie ugali mbele ya wageni bila wasiwasi. Ikitambaa, kikapu hakikazwi tena kwa njia yoyote ninayoijua, bali bado kitafaa kuwekea nyuzi, vitambaa na sindano, na ukimpata aliyekishona, mwambie kwa upole ni mzunguko upi ulioanza kulegea, ili ajue nyasi ya siku gani ilimwangusha.