Baa Chini, Muziki Juu: Tahakiki ya Nyumba Moja ya Glasgow

Katika mji wa Glasgow, Uskoti, kwenye barabara iitwayo St Vincent Street, ipo nyumba ya vileo na muziki ijulikanayo kwa jina la King Tut's Wah Wah Hut. Ilifunguliwa mwaka 1990. Chini ni baa, na mtu aliyetimiza umri wa kunywa pombe, ambao huko ni miaka 18, aweza kununua kinywaji chake na kukaa nacho. Juu ni chumba cha muziki kisichochukua zaidi ya watu 300, na usiku wa muziki hapandi huko ila mwenye tikiti. Baina ya viwili hivyo ipo ngazi. Makala haya yahusu ngazi hiyo kuliko yahusuvyo vinywaji, kwa kuwa ndiyo iitengayo nyumba hiyo na kumbi za dansi zilizozoeleka Afrika Mashariki, na kwa kuwa tofauti yenyewe imekwisha kuingia katika maneno.

Jina la nyumba lataka kuelezwa kwanza. Tut ni ufupisho wa Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale ambaye kaburi lake lilifunuliwa mwaka 1922. Wah wah ni tanakali ya sauti: ndivyo wapigaji wa gitaa wakiitavyo chombo kidogo cha kukanyagwa kwa mguu, ambacho huufanya uzi ulie mithili ya mtoto mchanga. Neno la mwisho lina maana ya kibanda. Jina zima lilichukuliwa kutoka klabu moja ya New York ya miaka ya 1980, na wala huko halikuwa na uhusiano na Misri. Mfasiri atakayeandika "Kibanda cha Wah Wah cha Mfalme Tut" atakuwa amefasiri kila neno na kupoteza yote, maana kilichokusudiwa ni mzaha, na mzaha umo katika kukutanishwa kwa mfalme na kibanda. Watu wa Afrika Mashariki hawana haki ya kuucheka. Morogoro Jazz haikupiga jazi ya New Orleans. Wala NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, haikuipiga. Neno hilo lilikuwa beji ya usasa, likavaliwa bila ya kuulizwa lilikotoka.

Sasa ngazi. Juu ya vidato vyake imeandikwa miaka, na pamoja na kila mwaka majina ya baadhi ya makundi yaliyopiga humo. Apandaye hukanyaga mwaka mmoja baada ya mwingine hata afike mlangoni. Ni jambo la kupendeza macho, lakini lapaswa kuhukumiwa kama ihukumiwavyo tarehe yoyote iliyoandikwa: nani ametajwa, na nani ameachwa?

Kisa kisimuliwacho zaidi ni cha tarehe 31 Mei 1993. Usiku huo kundi la vijana wa Manchester liitwalo Oasis, ambalo lilikuwa halijatoa sahani hata moja, lilikuja pamoja na kundi jingine la marafiki, likapewa nafasi ya kupiga nyimbo chache mbele ya wasikilizaji wachache. Alan McGee, mtu wa Glasgow na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Creation Records, alikuwamo kwa ajili ya makundi mengine. Aliwasikia, akataka kuwaandikisha papo hapo. Albamu yao ya kwanza, Definitely Maybe, ilitoka Agosti 1994. Agosti 1996 walipiga huko Knebworth, Uingereza, kwa siku mbili mfululizo, mbele ya watu wapatao 125,000 kila siku.

Kisa hiki ni cha kweli na nyumba ina haki ya kujivunia. Walakini namna kisimuliwavyo yaifanya nyumba ionekane kama mlango wa kupitia, kana kwamba thamani ya chumba cha watu 300 ni kule mtu aendako akishatoka humo. Hapo ndipo ngazi ipotezapo shabaha. Ikiwa makundi yamepiga humo karibu usiku kwa usiku tangu mwaka 1990, basi sehemu kubwa ya kazi ya chumba kile imefanywa na watu ambao majina yao hayamo katika kidato chochote, wakiwaimbia wasikilizaji ambao walilipa fedha zao ili wasikie nyimbo wasizozijua. Msifu wa nyumba hii angeanza na hao. McGee mwenyewe, usiku ule, alikuwa akimsikiliza mtu asiye na jina. Angekwenda kusikiliza majina tu, asingepata lolote.

Tena si jambo dogo kwamba usikilizaji huo umewekewa orofa yake. Neno orofa, au ghorofa, limetoka katika Kiarabu ghurfa, lenye maana ya chumba, na hasa chumba cha juu. Basi ujuu umo ndani ya neno tangu asili. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mgeni wa shughuli aliishia barazani au katika daka, na biashara na bohari zilikuwa chini. Juu walikaa wenyewe. Kupandishwa ngazi kulikuwa ni kukaribishwa, na asiyekaribishwa hakupanda. Mswahili aliyezoea nyumba ya namna hiyo haoni ajabu mpango wa nyumba ya Glasgow: chini ni kwa kila mtu, juu ni kwa walioridhiwa. Tofauti ni kwamba huko tikiti yashika mahali pa karibu.

Dansi la Dar es Salaam halikujengewa ngazi. Ukumbi wake wa kawaida ulikuwa ua ulio wazi au banda pana, sakafu ya saruji katikati, meza pembeni, jukwaa upande mmoja na kaunta upande wa pili. Mnywaji, mchezaji, msikilizaji na mzungumzaji walikuwa pamoja chini ya mbingu moja. Waliokuja kusikia na waliokuja kunywa hawakutengwa kwa mlango. Walitengwa na wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi, kama ulivyopigwa na Mlimani Park tangu ilipoanzishwa mwaka 1978, na kabla yake na bendi nyingi, aghalabu una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya polepole, na humo maneno yote husemwa: malalamiko ya mke, wasia wa baba, hila za mjini. Ya pili ni chemko, ambapo magitaa na tarumbeta hushika usukani na maneno hupungua hata kubaki vibwagizo. Mwenye masikio alikuja kwa sehemu ya kwanza na mwenye miguu aliingoja ya pili. Basi ngazi ilikuwapo, ila ilijengwa ndani ya wimbo.

Hili halijatiliwa maanani vya kutosha na wachunguzi wa lugha. Mashairi ya dansi huchapwa na kuchambuliwa kama tenzi, ubeti kwa ubeti, na ile sehemu ya pili hutupwa kwa kuwa haina la kunukuu. Lakini kuitupa ni kusahau kwa nini ya kwanza ilisikilizwa. Watu walikubali kunyamazia maneno kwa sababu walijua chemko laja.

Ukumbi wa namna hiyo ulikuwa na nguvu ambayo chumba cha tikiti hakina. Mfano ulio wazi ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki huko mwaka 2010. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliojulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliwahimiza watu kutumia kinga dhidi ya UKIMWI, na Radio Tanzania haikukubali kuutangaza. Redio ya dola ikiwa ndiyo pekee nchini, wimbo uliokataliwa nayo ungetazamiwa kufa. Haukufa. Uliimbwa katika kumbi na kuzunguka kwa kanda, na neno soksi katika maana yake mpya likawafikia hata watu ambao hawakuwa na nia ya kuhubiriwa jioni hiyo. Walikuja kunywa tu, na wimbo ukawakuta mezani. Lau ungaliimbwa katika chumba cha juu cha watu 300 waliolipa tikiti, ungaliwafikia waliokwisha kuukubali. Hapa ndipo nyumba ya Glasgow inapozidiwa, na si kidogo.

Upande wa pili wa mizani umo katika tangazo lionekanalo sana kwenye kuta za miji ya Tanzania: "Kiingilio kinywaji chako." Kisarufi ni sentensi kamili isiyo na kitenzi, na kwa ufupi wake ni nzuri. Kiuchumi ni hukumu. Yasema kwamba muziki hauna bei. Bei ni ya chupa, na bendi ni chambo cha kuiuza. Mwenye baa akiona kwamba spika na mtu mmoja mwenye kompyuta wanauza chupa zile zile, hana sababu ya kuwalisha wanamuziki kumi na watano. Haitoshi kulaumu vijana kwamba wameacha bendi. Katika mpango huo bendi haikuwa na kitu chake cha kuuza. Tikiti ya Glasgow, hata ikiwa ya bei ndogo, yasema kinyume: alipaye amelipia sikio, na kinywaji ni shauri lake. Huo ndio wema mkubwa wa ngazi ile. Kundi lisilojulikana laweza kusema kwamba watu thelathini walilipa kuja kulisikia, na thelathini hao ni hesabu ya muziki, si hesabu ya bia.

Mabadiliko hayo yameacha alama katika lugha. Kiswahili hupiga muziki: mtu hupiga ngoma, gitaa, kinanda, hata dansi lenyewe. Kitenzi hicho kilidhani mkono wa mtu. Ilipokuja gramafoni, watu wakasema kupiga santuri, na tangu hapo kitenzi kikawa cha mkono na cha mashine pia, pasi na kubagua. Kwa muda mrefu hakukuwa na haja ya kubagua, maana aliyesema "leo kuna muziki" alieleweka kuwa kuna bendi. Leo hasikiki hivyo. Ndiyo maana limeingia neno laivu, na likafuatwa na "muziki wa moja kwa moja".

Istilahi hii ya pili hutumiwa hata na waandishi waangalifu, nayo ni mbovu. Katika utangazaji ina maana: matangazo ya moja kwa moja ni yale yatokayo uwanjani hata sikioni bila ya kuhifadhiwa njiani. Ipo safari, na safari yaweza kunyoka au kupinda. Lakini mtu aliyesimama hatua sita mbele ya mwimbaji, nini kilichonyoka? Hakuna njia baina yao. Kuita muziki wa chumba kile "wa moja kwa moja" ni kuutazama kwa jicho la mtu wa redio, kana kwamba kusikia kwa kawaida ni kusikia kwa mbali na kuwapo ni namna ya pekee ya matangazo. Laivu, pamoja na ugeni wake, lina heshima ya kutodai kueleza kitu. "Muziki wa jukwaani" ungefaa zaidi, kwa kuwa wataja mahali na watu, ingawa wawaacha nje wapigao chini ya mwembe. Pengine kilicho bora ni kurudisha kitenzi mahali pake: bendi hupiga, na mashine huwekwa. Wengi bado husema "weka muziki" wakiwa nyumbani kwao, na mwenye kamusi hana la kubuni hapo ila kuandika wasemavyo.

Kiingilio nacho kina haja ya kuangaliwa upya. Kamusi hukieleza kwa ada ya kuingia mahali, na kwa soka au sinema hiyo yatosha. Lakini katika tangazo la baa kiingilio si ada ya kuingia; ni ahadi ya kununua ukisha ingia, na ahadi hiyo haina mlango wa kuitekeleza. Maana hizo mbili zimeishi pamoja katika neno moja bila ya kugombana, na ya pili inazidi kuienea ya kwanza. Matangazo yenyewe, ya kuchorwa kwa brashi na ya kuchapwa, ni karatasi za siku tatu. Hubandikwa Ijumaa na kufikia Jumatatu yamefunikwa na mengine. Hayapo katika hazina ya maandishi ya taasisi yoyote ya lugha kwa wingi unaofaa, hali yakibeba tarehe, jina la bendi, jina la ukumbi na bei katika mistari minne. Mwanafunzi mmoja mwenye kamera, akizunguka Kariakoo, Kinondoni na Temeke kwa mwaka, angeleta ushahidi ambao kidato cha ngazi hakiwezi kuuleta, kwa sababu angepiga picha ya kila jina lililobandikwa, lililofanikiwa na lisilofanikiwa.