Unga wa Mpingo

Mpingo haukui bila majeraha. Mti huu huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene unaofaa ala za muziki, na katika miaka hiyo yote hupitiwa na moto wa nyika, huvunjika matawi, hujipinda ukitafuta mwanga. Kila pigo huacha alama ndani: jicho la tawi lililokufa, kitundu kilichomeza gome, ufa usioonekana mpaka mbao ilowe. Ndiyo maana gogo la Kilwa au Nachingwea likipasuliwa, sehemu ndogo tu hupata kuwa klarineti au obo. Iliyobaki huitwa mabaki, na neno hilo linaniuma.

Nimemtazama mkereza mmoja wa Lamu, mzee wa zumari na filimbi, akikitibu kipande ambacho wengi wangekitia jikoni. Kwanza alikigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Mpingo mzima hulia. Wenye ufa wa ndani hutoa sauti butu, na huo huuweka kando bila kubishana nao. Baada ya hapo sikumwona akiigusa dosari kwa muda mrefu. Alishughulika na unga.

Unga wenyewe hautoki kwenye msumeno, kwani wa msumeno una chembe kubwa na hubaki na madoa. Hutoka kwenye tupa laini, taratibu, juu ya karatasi safi, kutoka kipande cha gogo lilelile. Hapo ndipo nilipoutambua ustadi wake. Sisi husema mpingo ni mweusi, tukamaliza. Yeye anajua kuwa gogo moja lina wekundu wa mbali, jingine lina zambarau, jingine lina michirizi ya kahawia, kwa hiyo kila gogo lina kikopo chake. Tena unga ukikutana na gundi huwa mweusi kuliko mbao ulikotoka, hivyo huujaribu kwanza kwenye kipande kisicho na kazi, akangoja ukauke, akakipeleka mlangoni penye mwanga wa jua. Rangi ikikataa, anaanza upya.

Ndipo alipokikwangua kitundu hadi akafika kwenye mbao ngumu, maana ukiziba juu ya uozo umeuficha tu. Unga na gundi akavitia kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa gundi hunywea ikikauka. Ufa mrefu hautibiwi kwa unga. Huo huchongewa kibanzi chembamba, nyuzi zake zikielekea kule kule zinakoelekea za mbao. Mwisho tupa, msasa na mafuta. Nilipitisha kidole mahali hapo na sikuhisi kitu.

Ila dosari iliyo kwenye ukingo wa tundu la kidole haizibi. Pumzi na unyevu hupita hapo kila siku, na mchezaji atadaiwa aibu ya fundi. Kujua kipi hakitibiki ni nusu ya ufundi huu.

Kiwanda cha Buffet Crampon cha Ufaransa hutengeneza klarineti kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni na gundi. Ni afadhali mara mia kuliko kuuchoma. Hata hivyo, hapo mti umesagwa wote na mkondo wa nyuzi zake umepotea. Mzee wa Lamu husaga kidogo ili kilichobaki kiendelee kuwa mti.

Mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole, Kilwa, ulipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, ikawekwa chini ya mkataba wa CITES. Tumejifunza kuulinda mti uliosimama, nami nashukuru. Lakini ukishaanguka, huruma yetu inaishia mlangoni mwa karakana. Kijana anayejifunza useremala leo anafundishwa kuchagua mbao safi kwa haraka na kuitupa yenye jicho kwa haraka zaidi. Hapewi hata asubuhi moja ya kukaa na kipande chenye kasoro na kuulizwa kama kinatibika. Mteja naye amezoea bomba la plastiki lililonyooka, lisilo na alama yoyote, na akiona kivuli cha jicho kwenye zumari ya mpingo huomba apunguziwe bei.