Utulivu wa Mkulima: Utubora Mkulima Kikisomwa Shinyanga na Geita

Kitabu cha Utubora Mkulima cha marehemu Shaaban Robert kilitolewa mwaka 1968. Kwa kuwa Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, ni rahisi kitabu hiki kusomwa kama wito wa kurudi mashambani kwa ajili ya siasa ya Ujamaa. Usomaji huo hauafikiani na tarehe, maana mtungaji alifariki dunia mwaka 1962. Tena wapunguza jambo lenyewe. Utubora haitwi shamba na serikali. Huacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima Busutamu, kwa kuwa moyo wake wataka kutulia. Swali la kitabu, basi, ni hili: utulivu hupatikana wapi, na kwa gharama ya nani?

Yafaa kuanza na maneno. Kiswahili kina kitenzi tua, ambacho katika matumizi ya kila siku ni kuweka mzigo chini; kutokana nacho yamepatikana tulia, tuliza na utulivu. Pumzika nalo lina pumzi ndani yake. Kwa ushahidi wa lugha, aliyetulia ni yule aliyetua kitu, na aliyepumzika ni yule aliyerudiwa na pumzi yake. Uvivu haumo katika neno lolote kati ya hayo. Hapo ndipo ulipo ustadi wa Shaaban Robert: Utubora hutua mshahara, lakini kazi haitui. Raha yake imo katika kulima kwenyewe, na kukinai kwake ni matunda ya jasho.

Lakini majina yenyewe, Utubora na Busutamu, yamwonya msomaji kwamba ameingia katika nchi ya mfano. Uzito wa kisa umewekwa juu ya tabia ya mtu kuliko juu ya mvua na udongo. Mfano hupimwa vema ukipelekwa mahali ambapo mvua na udongo havisahauliki, na Shinyanga ni mahali pa namna hiyo.

Wasukuma wa huko wana desturi ya ngitili: eneo la malisho, la kaya moja au la kijiji, hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti ikue, kisha hufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi kikali. Katika karne ya 20 misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba, na kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga wengi na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sifa kubwa ni ya wenyeji, waliorudia desturi yao na kuilinda kwa amri za dagashida, baraza lao la jadi.

Katika ngitili, anayepumzishwa kwanza ni ardhi. Mwenye ng'ombe huyaona majani mabichi yaliyositawi, naye asiingize mnyama hata mmoja. Hukubali mpaka uliowekwa, akangoja. Kungoja huko ni aina ya tafakuri, ijapokuwa hakuna akiitaye hivyo. Naye mama aliyeketi uani akikata viazi vitamu vya michembe katika msimu wa mavuno hutafakari miezi ya njaa iliyo mbele, huku mikono yake ikiendelea na kazi. Utulivu wa nchi hii una kalenda, una majirani, una na faini kwa avunjaye amri. Utubora alijiamulia peke yake. Mwenye ng'ombe wa Shinyanga hawezi, kwa kuwa ng'ombe wa jirani mmoja huweza kuharibu subira ya kijiji kizima.

Geita huuliza swali gumu zaidi. Dhahabu ya huko ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Kandokando wamo wachimbaji wadogo katika maduara yao, na karasha zao za kusagia mawe. Wengi wao ni wakulima. Wakati wa masika hushika jembe. Kiangazi hushuka duarani kutafuta fedha ya chakula, ya mbegu na ya karo. Safari ya Utubora ilikuwa ya kwenda tu, kutoka mshahara hadi jembe. Ya hawa ni ya kwenda na kurudi kila mwaka, na mzigo hubadilishwa bega tu, hautuliwi. Kumwambia mtu huyo kwamba fedha haileti raha ni kumwambia analolijua. Asilolijua ni namna ya kuishi bila hiyo fedha.

Hapa ndipo ulipo upungufu wa kitabu. Shaaban Robert ameonyesha kwa nguvu kwamba hapana utulivu bila kuacha kitu. Ila amemchagua mtu aliyekuwa na kitu cha kuacha, na radhi ya mtu wa namna hiyo haiwezi kuwa kipimo cha wengine wote. Hata hivyo kiini cha fundisho lake kinathibitishwa na ngitili: nao wa Shinyanga waliacha kitu, yaani nyasi za leo, wakapata miti na malisho ya kesho. Tofauti ni kwamba waliacha kwa pamoja, na kwa amri iliyomshika mwenye ng'ombe mia sawasawa na mwenye wawili.

Wanaofundisha Utubora Mkulima wangefanya vema kukisoma pamoja na desturi hiyo. Mwanafunzi wa Geita ambaye baba yake yumo duarani ana haki ya kuuliza kama Busutamu ina nafasi ya baba yake; na mwalimu asimjibu kwa kusifu jembe peke yake.