Robo Mzunguko Ufukweni mwa Mweru

Mji wa Nchelenge umekaa upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, na jioni jua huzama majini, upande wa Kongo. Mvuvi aliyechoka, akifika pale ufukwe uliponyooka, huelekeza omo ya mtumbwi moja kwa moja nchi kavu. Njia fupi kuliko zote ni ile inayoukata ufukwe kwa pembe mraba.

Fundi anayeanza msingi wa nyumba ya matofali ya kuchoma huitafuta pembe hiyohiyo kwa kamba. Kutoka kwenye kigingi cha kona, hutia alama mita 3 kwenye kamba ya mbele na mita 4 kwenye kamba ya ubavuni. Kisha huisogeza kamba ya pili kidogo kidogo, mpaka tepu kati ya alama hizo isome mita 5 kamili. Kona imekaa skwea.

Mwanafunzi wa sekondari huifanya kazi hiyo kwa herufi, kwa njia iliyofunguliwa na René Descartes katika La Géométrie, mwaka 1637. Amepewa mstari y = ½x + 1, ambao kila ukienda hatua 2 kulia hupanda 1. Anautaka ule utakaoukata kwa pembe mraba, ukipita kwenye nukta (2, 7).

Utamu wa kazi uko hapa. Akate pembetatu ya karatasi, upande wa 2 ukilala na wa 1 ukisimama, kisha aizungushe robo mzunguko. Uliolala unasimama, uliosimama unalala kuelekea kushoto. Sasa hatua 1 kushoto hupanda 2, na mteremko umekuwa −2. Kanuni inayokaririwa darasani, pindua sehemu na ubadili alama, ni mzunguko huo uliofupishwa.

Hubaki kutia nukta (2, 7): −2 mara 2 ni −4, na 7 = −4 + 11. Mlinganyo ni y = −2x + 11.

Mstari uliolala, mathalani y = 3, huikwamisha kanuni, kwa kuwa sifuri haipinduliki. Karatasi haikwami: huzunguka na kusimama wima, mathalani x = 4.

Mwishoni fundi hupima milalo yote miwili ya msingi, kona hadi kona. Vipimo vikipishana, vigingi vinang'olewa. Mwanafunzi naye hukagua: ½x + 1 = −2x + 11 humpa x = 4, kisha huweka 4 mahali pa x katika milinganyo hiyo miwili. Wa kwanza unatoa 3. Wa pili unatoa 3. Anatia kitone cha penseli kwenye (4, 3), mistari inapokutana.